Kabla hujasaini gari hapa Marekani, uliza ukurasa wa usuluhishi uko wapi

Jumapili usiku nimerudi kutoka zamu nimechoka hoi, nafungua simu nakuta ujumbe wa kijana yuko Dallas, ana miezi minne tu tangu aje. "Dada shikamoo, nimenunua gari kwa dila (muuza magari), siku ya kumi na moja gia boksi imekufa, na dila anasema siwezi kumpeleka mahakamani kwa sababu nilisaini. Ni kweli?" Nikakaa kitandani na yunifomu yangu nikausoma mara tatu, maana huyo ni mimi kabisa wa mwaka 2018.

Mimi nilinunua gari lililotumika hapa Houston kwa dola 11,400, hela ya zamu za usiku mwaka mzima. Yule kaka wa mkopo alishika tableti mwenyewe, yeye ndo anasogeza kwa kidole, mimi nasaini tu, hapa, na hapa, weka herufi za jina. Ukurasa mmoja ulikuwa herufi kubwa tupu, nikamuuliza hii ni nini, akasema ni ya kawaida, tukitofautiana tunasuluhishana bila kusumbuana na mahakama. Jamani mi nikafurahi! Kwetu ukisikia usuluhishi unawaona wazee wamekaa, kila mtu anasikilizwa, mnapeana mikono mnaenda kula. Nikasaini kwa moyo mweupe.

Kumbe huo usuluhishi wao, wanaouita abitresheni, sio hiyo suluhu tunayoijua. Ni mtu anayelipwa kusikiliza kesi yenu faragha, na akishaamua imeisha, kukata rufaa ni karibu haiwezekani. Na mara nyingi kwenye kifungu hichohicho unakuwa umeachia haki ya kuungana na wateja wenzako kushtaki kwa pamoja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wateja wa kampuni ya simu ya AT&T waliotozwa kodi ya dola 30.22 kwa simu iliyotangazwa kuwa ya bure, ikasema kifungu hicho kinasimama kwa sheria ya abitresheni ya mwaka 1925, hakuna kushtaki kwa kundi. Sasa niambie nani atapoteza siku zake za kazi peke yake kufuatilia dola 30? Hapo ndo wanapotupatia.

Gari langu lilizima barabara kuu wiki ya tano, fundi akataka dola 3,800. Nikamlipa wakili dola 150 aangalie makaratasi, hakusoma hata bei, alienda moja kwa moja kwenye ule ukurasa wa herufi kubwa akautazama, akanirudishia. Mwisho nikachukua dola 600 za dila ili yaishe. Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande mwingine.

Na kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Mwaka 2002 hao hao madila walipata sheria kutoka Kongresi kwamba watengenezaji wa magari wasiwalazimishe wao abitresheni kwenye mikataba yao. Yaani wanajua kabisa uchungu wake, wakaukimbia, halafu wakatuwekea sisi.

Tangu hapo sisaini kitu bila kuuliza maneno matatu, abitresheni iko wapi. Mkataba mpya wa simu au kadi ya mkopo nautafuta mstari wa kujitoa, baadhi inakupa kama siku 30, unaandika barua na jina lako na namba ya akaunti unasema nakataa abitresheni, unatuma kwa posta ya risiti, risiti unatunza. Mwaka huu kampuni moja ya intaneti ilinikata hela nisizodaiwa, na barua yangu nilikuwa nayo, nikaenda mahakama ya madai madogo mwenyewe bila wakili nikashinda dola 1,275. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo!

Hata kama hukujitoa, soma mpaka chini, mikataba mingi inaacha mlango wa mahakama ya madai madogo, na hapa Texas inapokea mpaka dola 20,000. Mimi 2018 hakuna aliyeniambia, ile 3,800 pengine ningeidai mwenyewe. Na nyie vijana mnaowatafsiria mama zenu kwa dila, msiruke ukurasa huo kwa sababu una maneno magumu, mwambie mama hapa unaachia mahakama, aamue mwenyewe. Serikali msiisubiri, ofisi ya kulinda walaji ilitoa kanuni mwaka 2017 kuwazuia mabenki kuzima kesi za pamoja, Kongresi ikaifuta mwaka huohuo.

Yule kijana nilimwambia anipigie picha kila ukurasa. Akatuma kumi na nne, nimezikuza moja moja, na wa tisa chini kabisa mlango upo. Jumatatu sina zamu, tutajaza fomu pamoja kwa simu.