Kwako unayeanza kutafiti matete hapa Mombasa

Kila mwaka tunapokea vijana wawili watatu wanaokuja kujifunza utafiti wa mimea ya ardhioevu, na swali lao la kwanza huwa lile lile: matete haya tutayaondoaje? Wameshasoma habari za Marekani, ambako matete yenye asili ya Ulaya yameteka vinamasi vya pwani ya mashariki na kingo za Maziwa Makuu ya huko. Wasiwasi wao naujua, nami nilikuja nao. Lakini mdogo wangu, uliza kwanza ni matete gani haya, na maji yanayoyalisha yanatoka wapi.

Jambo la jina nitalikalia kitako, maana lilinipotezea msimu mzima. Kwenye vibandiko vya vielelezo vyangu vyote, yaani sampuli za mimea nilizokausha, niliandika Phragmites australis, jina la matete ya Ulaya na Marekani nililolizoea vitabuni. Vielelezo vilipofika kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, jibu likarudi kwamba ni Phragmites mauritianus, mwenyeji wa Afrika. Ripoti yangu nzima ilikuwa inamshtaki mwenye nyumba kwa kuvamia nyumba yake.

Tofauti moja unaweza kuihisi kwa kidole: ncha ya jani la mauritianus ni ngumu na huchoma, ile ya australis ni nyembamba kama uzi na hulegea. Usitosheke na hiyo peke yake. Chukua shuke la maua, jani pamoja na ala inayokumbatia shina, na kipande cha shina la chini ya matope. Andika tarehe, mahali na hali ya maji papo hapo, kwa penseli. Kisha kumbuka uko Mombasa: hewa yetu ina unyevu, na magazeti ya kukandamizia vielelezo yasipobadilishwa kila siku, siku ya nne utakuta ukungu.

Nasisitiza hivyo kwa sababu vielelezo vikavu ndivyo vilivyowafumbua macho hata Wamarekani. Mwaka 2002 mtafiti Kristin Saltonstall alichapisha utafiti uliolinganisha DNA ya matete yanayoota sasa na ya vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa. Ikaonekana kwamba spishi ni ile ile ya australis, ila ukoo ulioenea ulitoka ng'ambo na kuwasukuma wenyeji, watu wakiutazama bila kuutambua. Bila wale waliokausha majani miaka mia na zaidi iliyopita, asingekuwa na cha kulinganisha.

Sasa maji. Mwanafunzi wa bara hufika na ratiba ya saa. Hapa ratiba anayo mwezi. Kabla hujapanga siku ya kazi, jua kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, na sehemu uliyoipita mchana kwa viatu hutaipita jioni. Chumvi uliyoipima maji yakiwa yamejaa haifanani na ya maji yakipwa, wala ya masika haifanani na ya kaskazi. Kipimo kimoja cha chumvi kisicho na saa wala hali ya maji mimi sikipokei, hata kiwe kimepimwa kwa chombo cha bei gani.

Nikupe mfano. Kwenye kibonde kimoja upande wa bara, nyuma ya mikoko, nilikuta matete yamesimama mazito, marefu kuliko mtu. Nikayahesabu miezi miwili, nikiamini yanawafukuza mchu na mkoko, miti ya mikokoni. Siku moja bibi mmoja aliyekuja kukata matete ya ua wake alinikuta. Nikamwamkia shikamoo, tukazungumza, akaniuliza, "Mwanangu, hapa bahari ilikuwa ikiingia, wewe hujui?" Akanionyesha tuta la barabara na kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, iliyozibwa na takataka. Upande wa bahari maji yalikuwa ya chumvi. Ndani ya tuta yalikuwa karibu matamu, na mfereji wa majitaka ya majumbani ulikuwa ukimwaga humo humo. Maji yamepungua chumvi, naitrojeni imeongezeka, udongo haukauki: tete lingetaka nini tena? Mikoko ilikuwa imeshanyongwa kabla tete halijafika. Tangu hapo, kuzungumza na wakata matete, wavuvi na wenye mashamba ya jirani nakuhesabu kuwa sehemu ya vipimo, na siku ya kwanza siingii majini kabla ya mazungumzo hayo.

Katika kuhesabu, usiseme "mimea 200" ulipohesabu mashina 200. Tete hutambaa chini ya ardhi, na kichaka kizima chaweza kuwa mmea mmoja. Sema mashina kwa mita ya mraba. Na fremu kumi, yaani ile miraba unayoiweka chini ili uhesabu mashina yaliyomo, ndani ya kichaka kimoja si maeneo kumi. Ni kichaka kimoja kilichopimwa mara kumi. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huangukia.

Ikithibitika kweli kwamba kuna mgeni wa kuondolewa, usikimbilie panga. Mashina ya tete, hata yaliyokauka, hupitisha hewa hadi kwenye shina la chini lililozama katika tope lisilo na oksijeni. Ukikata juu ya maji, njia ya hewa umeiacha wazi na machipukizi yatarudi. Ukikata chini ya maji na maji yakabaki juu ya visiki, mmea hukosa pumzi. Ukifyeka wakati wa kiangazi halafu ukaondoka, umepogoa tu.

Karatasi ni jambo fupi: kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwanza, na ukigusa mikoko, ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa kuwa mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Anza mapema.

Kile kibonde bado nakipima. Vijana wa mtaa walizibua kalvati kwa majembe, na wakati wa bamvua maji ya chumvi sasa yanafika hadi mguuni mwa matete. Ukingo wa chini umeanza kuwa wa manjano, na nimeona miche mitatu ya mchu. Ukija, utanisaidia kuihesabu. Vaa viatu vya kufunga, matope ya pale yana makombe ya chaza.