Usipande hiyo mbegu ya toba, nenda kwa mwenyekiti wa kikoba kwanza

Mkuu weka hiyo laki tatu chini. Sijasema kwenye kapu la sadaka, nimesema chini, hapo mezani kwako, na usiiguse mpaka umalize kusoma.

Nimeusoma uzi wako wote. Wewe ni mweka hazina wa kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huko Nkuhungu Dodoma, wanachama walikuwa wanakutumia rejesho la mikopo yao kwenye simu, wewe hukuliingiza sandukuni, ukala laki tisa, hakuna aliyeshtuka ila mwezi wa kumi na mbili kikundi kinavunja mzunguko kugawana akiba na sanduku litafunguliwa mbele ya wote. Usingizi huna, Meza ya Bwana unaikwepa. Nabii wa kanisani kwako kakwambia upande mbegu ya toba, yaani umtolee sadaka ya laki tatu, halafu Jumapili usimame utoe ushuhuda ufunguliwe. Unauliza upande au usipande, Meza ushiriki au usubiri, mkeo umwambie au umfiche, na kama uhame kanisa. Nakuja kwenye mbegu na mkeo, ya Meza na kuhama kanisa yatasubiri.

USIPANDE. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Hata ukisahau kila kitu humu, hilo usilisahau.

Mimi yangu ilikuwa mahindi. Mama mdogo analima huko upande wa Kongwa, mwaka ule mvua zilikuwa nzuri (msishangae, hata Dodoma hunyesha), akanipa gunia zake nikamuuzie soko la Kibaigwa kwa sababu eti mimi ndio msomi wa ukoo, madalali hawataniweza. Na kweli madalali hawakumuibia. Mwizi alikuwa amekaa siti ya mbele ya lori kashika hela mfukoni. Nilikuwa na madeni yangu, nikasema nichomoe kidogo niweke mkeka wa kubeti, ukitiki nalipa madeni na hela ya mama mdogo inabaki kama ilivyo, mkeka ukachanika, nikaweka mwingine wa kuurudisha ule wa kwanza, na mnaobeti mnajua stori hiyo inaishaje. Mama mdogo akipiga simu namwambia mnunuzi hajamalizia. Akipiga tena namwambia mtandao unasumbua.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinatokea moyoni maana nakuona upo hapohapo. Hatia ilikuwa inaniambia nenda Kongwa. Aibu ilikuwa inaniambia nenda popote pale isipokuwa Kongwa. Zote mbili zinauma, zote zinakunyima usingizi, kwa hiyo ukizifuata gizani unadhani unamfuata Roho Mtakatifu kumbe unakimbia sura ya mtu. Adamu alivyokosa hakukimbilia mbali, alijificha palepale bustanini nyuma ya miti, na mimi mti wangu ulikuwa hema la maombezi.

Hema lenyewe sitasema liko wapi wala la nani, akisoma atajijua. Nikamweleza mtume, ndiye mwenye hema, shida yangu faragha. Akanifungulia Zaburi 51 mstari wa 4, pale Daudi anamwambia Mungu nimekukosea Wewe peke yako, akasema umeona? Dhambi ni ya Mungu, binadamu hana uwezo wa kuisamehe, ukimwendea mama yako mdogo unampa shetani mlango wa kukushtaki. Toa sadaka ya kujimaliza. Wale msioijua hiyo sadaka, jina lenyewe linatosha. Nikauza pikipiki. Bodaboda ambayo ndiyo ilikuwa inanilisha, na hela yake ingelipa mahindi yote na chenji ikabaki, nikaibeba kwenye bahasha nikampelekea mtu ambaye sijawahi kumdhulumu hata punje moja.

Hapo bado mkuu. Ushuhuda ndio ulioniua.

Nikapewa maiki. Nikalia, nikaeleza mahindi, mikeka, uongo wa kwenye simu, kila kitu, kinanda kinapanda kwa nyuma, watu wanashangilia, mtume akaniwekea mkono kichwani akatangaza huyu amefunguliwa, deni limefutwa! Na nilijisikia mwepesi, sitakudanganya. Siku hiyo nilikula nikashiba na nikalala kama mtoto. Huo wepesi ndio unaokuita na wewe, na ni wa kweli kabisa, tatizo mle hemani aliyekuwa ananidai hakuwemo. Nilikuwa nimeungama kwa watu mia kadhaa wasionidai hata senti, na ni rahisi ajabu kuwaambia ukweli watu ambao hujawaibia.

Vijana wa media wa pale wakakata klipu, ikaingia kwenye magrupu. Binti wa mama mdogo alikuwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akaiona kwenye stetasi ya mwenzake, akamwonyesha mama yake. Yaani mama mdogo alijua mahindi yake yameliwa na papo hapo akanisikia natangaza kwenye spika kwamba nimesamehewa. Akanipigia. Hakutukana, na bora angetukana. Akauliza tu, "Mwanangu, Mungu amekusamehe mahindi yangu?" Akakata simu.

Sina jibu la swali lile mpaka leo. Nabii wako analo? Muulize Jumapili.

Nikarudi kwa mtume kuomba japo nusu ya hela ya pikipiki nikalipe deni. Akasema mbegu ikishaingia ardhini haifukuliwi. Haya. Sisi huku kwetu mtama usipoota tunafukua, tuone kama kweli ilikuwa mbegu au tulipanda changarawe.

Halafu hasira ikanifanya niisome ile Zaburi mwenyewe, na hapo ndipo nilitaka kurudi kupigana. Mstari wa 4 alinisomea, wa 16 kauruka, palepale Daudi anasema Mungu hapendezwi na dhabihu, kama Mungu angezitaka yeye Daudi angezitoa. Zaburi ya toba yenyewe inakataa kununua msamaha na jamaa ameitumia kuniuzia! Na hiyo "Wewe peke yako", jamani, Uria, yule ambaye Daudi alimchukulia mke, alishakufa, Daudi mwenyewe ndiye aliyepanga akauawe vitani, sasa angekwenda kumwomba nani radhi? Mama mdogo wangu yuko hai na ana simu. Soma na 2 Samweli 12, nabii Nathani alipomwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hakuna bahasha iliyotembea pale, Daudi alisema nimekosa, basi, rehema ikatoka.

Na Yesu hakuzunguka kwenye jambo hili. Mathayo 5:23, umefika madhabahuni na sadaka mkononi ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, nenda kapatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Hata sheria ya Musa, Walawi 6, aliyedhulumu alirudisha chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na alimpa MWENYEWE, siku ileile anapoleta sadaka ya hatia. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, Petro alimwambia fedha yako ipotelee mbali pamoja nawe, Matendo 8. Walutheri mliomo humu mnajua 1517 Luther alianzisha ule mzozo kwa ajili ya nini, watu walikuwa wanauziwa rehema kwenye karatasi. Leo karatasi imebadilika jina ni mbegu. Mkatoliki naye akienda kitubio padri hawezi kumtangaza popote, na Katekisimu yao namba 1459 inasema ukiiba urudishe. Wote hao wanatofautiana kwa mengi ila hapa wameketi benchi moja, sasa nabii wako yeye kalitoa wapi fundisho lake?

Najua kuna mtu atakuja kusema mbona walokole wa zamani waliungama hadharani. Waliungama ndio. Bibi yangu alikuwa mlokole wa ule uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukafika mpaka huku kwetu, na alikuwa anatusimulia mtu akisimama kusema niliiba jembe, kesho yake jembe linaonekana barabarani linarudi kwa mwenyewe. Jembe lilikuwa linatembea. Leo inayotembea ni klipu.

Nilikwenda Kongwa mikono mitupu, maana cha kwenda nacho kilishapandwa. Njiani kwenye basi nilitunga hotuba nzuri sana. Kufika nikasema shikamoo mama mdogo, akaitikia marahaba, hotuba yote ikayeyuka, nikasema mahindi niliyala mimi, sina hela, sikuja kukwambia nimesamehewa. Akanyamaza. Akaenda jikoni akaleta ugali na mlenda, nikala huku ananiangalia, na hicho chakula kilikuwa kigumu kumeza kuliko matusi yoyote. Kisha akatoa daftari la shule la mjukuu, akaandika gunia zangu zote, akasema utalipa kila msimu utakachoweza, na huyo mtu wako wa hema asikanyage hapa. Ndio hivyo. Daftari bado lipo, bado ananidai, na bado mimi ni mwanawe. Nilikuwa nadhani rehema maana yake deni linayeyuka kwa kelele. Ile niliyopewa ilikuja na hesabu yake, na ndiyo iliyonirudishia usingizi.

Ila usije ukaigeuza na hii ikawa mbegu nyingine, kwamba nikirudisha laki tisa Mungu atanipenda. Mwangalie Zakayo kwenye Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla mzee hajataja kurudisha hata shilingi, ile ya mara nne ilitoka mdomoni akiwa ameshapokelewa. Na wanakikundi wako wengine hawatakusamehe, mama mmoja atakusema mpaka sokoni Majengo, vumilia tu, hiyo haimzuii Mungu, 1 Yohana 1:9 haijaweka sharti la kikundi kupiga kura.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya Jumapili, mtafute mwenyekiti. Usianze na mstari wa Biblia wala machozi, anza na namba: nimekula laki tisa ya rejesho, za akina fulani na fulani. Mwambie kuanzia leo rejesho lisiingie tena kwenye simu yangu, chagueni mwingine. Katiba yenu bila shaka ina faini, ikubali usibishane. Kama mkeo naye ni mwanachama wa kikundi hichohicho basi asilisikie kikaoni, aisee, mwambie usiku huu. Na hiyo laki tatu ya nabii ni theluthi kamili ya deni lako, mpe mwenyekiti mkononi, akuandikie risiti, hemani hakuna risiti.

Namba ya mwenyekiti si unayo? Piga saa hizi hajalala. Usimtumie meseji, piga.