Kadi ya gereji inahesabu kilomita, lakini gari huzeeka pia kwa miaka

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba gari lako la mwaka 2006 linatembea kilomita kama 4,000 tu kwa mwaka, nyumbani hadi kazini na kurudi, kwamba oili na filta hubadilishwa kila kilomita 5,000 kama kadi ya gereji inavyoagiza, na ukauliza kama kuna jambo jingine unalolisahau. Lipo, na limejificha katika hiyo kadi yenyewe. Kadi inahesabu kilomita, ilhali vitu kadhaa ndani ya gari huzeeka kwa miaka, liwe linatembea au limeegeshwa chini ya mwembe. Kwetu neno "servisi" limekwisha kuwa na maana ya oili na filta tu, kiasi kwamba ukimwambia fundi akufanyie servisi, hata kifuniko cha mafuta ya breki hakigusi, nawe hujui kwamba ulipaswa kumwomba akifungue.

Mimi nililijua hilo nikiwa kwenye mteremko mrefu wa Kitonga, mkoani Iringa. Januari 2019 nilikuwa narudi Dar es Salaam kutoka Iringa na Toyota IST yangu, gari dogo la gia otomatiki, familia ikiwa ndani na gunia la viazi nyuma. Wiki moja kabla ya safari gari lilikuwa gereji, ambako fundi alifungua magurudumu, akatazama pedi za breki, akasema bado ni nene, na kwa kweli zilikuwa nene. Tulianza kuteremka nyuma ya lori lililokuwa likitambaa, nami nikaacha gia kwenye D na mguu juu ya breki muda wote, kosa ambalo simsingizii mtu. Tukiwa katikati ya mteremko, pedali iliyokuwa ngumu asubuhi ikaanza kulegea kama sponji, kisha ikazama hadi kwenye kapeti bila gari kupunguza mwendo. Nilishusha gia hadi 2, halafu L (ya chini kabisa), injini ikanguruma, nikaivuta breki ya mkono kidogo kidogo (ile hutumia waya hadi magurudumu ya nyuma, haitegemei mafuta), mpaka tukasimama pembeni palipokuwa na nafasi. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Baada ya dakika kama 40 pedali ilirudi kuwa ngumu kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana sikuwahi kuona kitu kilichoharibika kikijitengeneza chenyewe. Fundi niliyemkuta Ruaha Mbuyuni hakushangaa hata kidogo. Alivuta mafuta machache kutoka kwenye kikopo cha breki, akayamimina juu ya kifuniko cheupe cha ndoo, na pembeni yake akamimina mapya. Mapya yalikuwa kama maji ya dafu yenye umanjano kidogo. Yangu yalikuwa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni tangu asubuhi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, taratibu, kupitia mabomba ya mpira na kifuniko, hata gari likiwa halitembei. Kwa viwango, DOT 3 mpya (DOT na namba yake ni aina ya mafuta ya breki) haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho hushuka hadi kwenye nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Joto la breki kwenye mteremko mrefu huyachemsha mafuta yenye maji, yakatoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, mguu wako unakuwa unaubana mvuke badala ya kusukuma pedi. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na pedali inakudanganya kwamba ni nzima. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha mjini miaka mingi bila kuona dalili yoyote.

Kwa hiyo badilisha mafuta ya breki yote kila baada ya miaka miwili, bila kujali kilomita. Nasema kubadilisha, si kuongezea. Kiwango kikishuka polepole, mara nyingi ni kwa sababu pedi zimelika, na ukiongezea tu unajifichia dalili muhimu. Lita moja inatosha kwa gari dogo. Chupa ifunguliwe mbele yako, kwa sababu iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji imeshaanza kunyonya unyevu, na fundi aendelee kutoa mafuta ya zamani na upepo kwenye breki ya kila gurudumu hadi yatoke mapya yaliyo safi. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha breki. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Yakimwagika kwenye bodi yaoshwe kwa maji mara moja, yanababua rangi.

Jambo la pili ni kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini. Wapo wanaoamini kwamba ni ya nchi za baridi, na kwamba kwa joto la Dar maji ya bomba yanatosha. Kulanti huzuia kutu ndani ya injini, hulinda watapampu (pampu inayoizungusha), na huongeza kiwango cha kuchemka, na haya yote yanatuhusu sisi kuliko watu wa theluji. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba kwenye rejeta, kisha gari likianza kuchemsha, thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini) ndiyo inayolaumiwa na kung'olewa, na injini inabaki ikifanya kazi bila kupata joto lake sahihi. Kulanti nyekundu ya Toyota ya aina ya zamani hubadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka miwili. Ukinunua ile ambayo haijachanganywa na maji, ichanganye na maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa na mvuke wake kugandishwa), na soma chupa vizuri, kwa maana ukiyaomba dukani kwa jina la "maji ya betri" unaweza kupewa asidi.

Matairi nayo yana umri. Tafuta ubavuni neno DOT na tarakimu nne za mwisho: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kampuni nyingi za matairi hushauri yakaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na yasitumike kabisa yakipita kumi, hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado ni ndefu. Wewe unayetembea kidogo ndiye hasa utakayedanganywa na kashata. Tairi la akiba halisamehewi: la kwangu lilikuja na gari kutoka Japani, lile jembamba, na siku nilipolihitaji karibu na Chalinze lilikuwa limelala kabisa. Hilo jembamba linataka upepo wa PSI 60 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), wakati wajaza upepo wengi huweka 30 kwa mazoea, na halipaswi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Oili yenyewe, kwa mwendo wako, usingoje kilomita 5,000, maana itakuchukua zaidi ya mwaka. Safari fupi haziipi injini joto la kutosha kukausha unyevu unaoingia kwenye oili. Mimi hubadilisha kila miezi sita. Teminali za betri zikiota unga mweupe au wa kijani, zifunguliwe na kusafishwa.

Kama fedha hazitoshi kufanya yote mwezi huu, anza na mafuta ya breki. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua boneti utazame kikopo kilicho karibu na ukuta wa injini upande wa dereva. Kifute vumbi kwanza, kisha fungua kifuniko, chovya kijiti kisafi cha mshikaki, na upake juu ya karatasi nyeupe. Ukikuta rangi ya chai, usipange safari ya milimani kabla hujaonana na fundi.