Platinamu huoksidishwa kutokea chini

Umeuliza platinamu inaoksidika vipi juu ya kauri kavu, bila tone la maji. Shida ni kwamba unatazama upande wa juu. Kwenye zirkonia iliyochanganywa na itria (kauri ile ile ya sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ya gari), ayoni za oksijeni, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, hupita ndani ya kauri yenyewe ikishapashwa moto, tuseme nyuzi 400 za Selsiasi. Ukiufanya utando wa platinamu ulio juu ya kauri kuwa anodi (upande chanya wa umeme), ayoni hizo zinaufikia kwa tumboni, zinaacha elektroni zao pale chuma kinapogusana na kauri, na oksidi inaanza kujijenga papo hapo, mahali jicho halifiki.

Hesabu ndogo: tabaka moja la oksidi, lenye unene wa atomi moja ya platinamu, hula chaji ya takriban mikrokulombu 420 kwa kila sentimita mraba. Kwa hiyo mkondo wa miliampea 1 kwenye eneo hilo ungejaza tabaka mbili na ushei kwa sekunde moja. Lakini hapo umedhani chaji yote imeenda kwenye oksidi, na haiendi yote. Nyingine hugeuka gesi ya oksijeni. Utando ukiwa na vitundu, gesi inajitokea zake. Ukiwa umeziba kabisa, inavimbisha utando kama chapati kwenye kikaango, na ukiendelea kusukuma mkondo unabanduka.

Madini ya fedha yakiwa anodi juu ya iodidi ya fedha ni habari tofauti: hayatengenezi oksidi, yanageuka ayoni na kuzama ndani ya elektroliti (kitu kinachopitisha ayoni, hapa ni hiyo iodidi). Utando unakonda mpaka mgusano unakatika.