Maswali na Majibu: Uzito wa Kuvuta Upinde

Wasomaji kadhaa wa Dodoma na jirani wameuliza kuhusu pinde za kompaundi, zile zenye puli kwenye ncha zote mbili. Karibu wote wanataka kujua jambo moja: uzito wa kuvuta, yaani nguvu kubwa kabisa unayohitaji kuvuta upote (kamba ya upinde).

Shemeji ameniletea upinde kutoka Marekani, umeandikwa 60–70. Nikiuvuta mabega yanatetemeka. Naweza kuupunguza mwenyewe? (Nkuhungu)

Unaweza, kaka, mradi usiwe na haraka. Namba hizo ni paundi: 60 ni kama kilo 27, na 70 ni kama kilo 32. Tazama mahali mikono ya upinde, wa juu na wa chini, inaposhikana na kiwiliwili. Kila mkono una boliti kubwa yenye tundu la pembe sita. Ukizilegeza hizo mbili uzito unashuka, ukizikaza unapanda. Kwa pinde nyingi, mzunguko mmoja kamili wa boliti zote mbili hubadilisha paundi 2 hadi 3.

Kwanza angalia kama pembeni kuna skrubu ndogo ya kufungia. Ikiwepo, ilegeze, la sivyo utaharibu nyuzi za boliti. Kisha kaza boliti zote mbili zifike mwisho, bila kulazimisha, ili upate pa kuanzia kuhesabu. Ndipo ulegeze: nusu mzunguko juu, nusu mzunguko chini, tena juu, tena chini. Upande mmoja ukizidi mwingine, puli hazitazunguka pamoja na mshale utatoka ukiyumba. Andika hesabu yako kwenye karatasi, kisha ukimaliza rudisha skrubu ya kufungia.

Hapa nakusihi sana. Mwongozo wa upinde wako unataja mizunguko ya mwisho inayoruhusiwa. Usiipite hata robo. Upinde wa namna hii una mvutano muda wote, hata ukiwa umetundikwa ukutani. Boliti ikibaki na nyuzi chache inaweza kuchomoka, na mkono ukakurukia usoni. Kama mwongozo umepotea, tafuta wa modeli hiyohiyo mtandaoni kabla hujashika spana. Ujue pia kwamba wako hautashuka hadi 45. Huko ni kubadilisha mikono yenyewe, kazi ya fundi mwenye presi, mashine ya kukandamiza mikono ya upinde.

Nitajuaje nimefikia paundi ngapi? (Dada wa Kisasa)

Mizani ya kuning'iniza inatosha, kama ile ya kupimia mizigo ya safari, ilimradi ifike kilo 50. Ifunge kwenye boriti imara, pitisha ndoano kwenye upote pale mshale unapokaa, kisha shika mpini uvute upinde kwenda chini polepole. Namba itapanda hadi kileleni, halafu itaanguka puli zikigeuka. Kile kilele ndicho uzito wako. Zidisha kilo kwa 2.2 upate paundi. Urudishe taratibu vilevile. Ukiuachia ghafla bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mikono na puli, na mara moja tu inaweza kuvipasua.

Huko kuanguka kwa namba ndiko kunakowadanganya vijana. Upinde wa paundi 70 unaopunguza asilimia 80 hukuachia paundi 14 tu ukishavuta hadi mwisho, nawe ukajiona unaumudu. Jipime hivi: mshale ukiwa umepachikwa na shabaha iko mbele yako, kaa kwenye kiti, inua miguu kidogo, kisha vuta bila kuinua upinde. Ukilazimika kuuelekeza juu ndipo uvute, uzito umekuzidi. Ushushe leo, bega likiumia huchukua miezi kupona.

Paundi 50 zinatosha mashindano? (Mwanafunzi, UDOM)

Zinatosha. Kanuni za kimataifa zinaweka kikomo cha paundi 60 kwa kompaundi, na shabaha ya nje ni ya sentimita 80 kwa umbali wa mita 50. Endelea kufanya mazoezi: kompaundi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, kwa timu za mchanganyiko, mwanamume na mwanamke.

Upinde wa babu, Msandawe wa Chemba, hauna boliti. Unarekebishwaje? (Kondoa)

Aliyeuchonga aliuwekea uzito wake siku ileile. Kuchonga mti zaidi hupunguza nguvu, na kilichochongwa hakirudi. Katika upinde wa mti uzito huongezeka kadiri unavyovuta, haufiki mahali ukaanguka. Puli ndizo zilizobadili hilo, tangu Holless Wilbur Allen wa Missouri alipoomba hataza mwaka 1966. Tafadhali usiuchonge wa babu, wala usiuvute. Mti uliokaa miaka mingi na kukauka huvunjika bila onyo. Utunze mahali pasipo jua.

Naweza kuwindia kanga? (Manyoni)

Bila leseni, hapana. Anzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Nimeshusha kutoka 70 hadi 60, sasa mishale inapiga chini na kushoto. (Mpwapwa)

Chini ni kwa sababu mshale umepungua mwendo. Shusha pini ya kulengea. Kushoto, kama unavuta kwa mkono wa kulia, huenda mishale yako iliyochaguliwa kwa upinde wa paundi 70 sasa ni migumu kuliko nguvu inayoisukuma. Lakini hakikisha kwanza boliti zimelegezwa sawasawa. Angalia upote pia: ukiacha upinde ndani ya gari kwenye jua letu la mchana, nyuzi hurefuka na puli hupoteza mpangilio.

Siku ukipandisha tena, kagua mishale kabla. Iliyo myepesi au laini mno inaweza kuvunjika ikitoka, vipande vikakuingia mkononi. Kipimo cha chini kinachotumiwa sana ni greni 5 kwa kila paundi: kwa 60 ni greni 300, yaani gramu 19 na nusu hivi, pamoja na kichwa chake. Mizani ya sonara itakupimia kwa dakika moja.