Kabla hujanunua diski nyingine, hesabu fsync zako

Juzi kijana mmoja wa Musoma aliniandikia: "Kaka, mfumo wangu wa duka unasuasua kila jioni wateja wakijaa. Nimeshauriwa ninunue diski kubwa zaidi. Ninunue ipi?" Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Swali hilohilo niliulizwa mimi hapa Mwanza, mbele za watu, na sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa mizani kwa mnunuzi mmoja wa sangara pale mwalo wa Igombe. Mizani nane, kila moja inatoa vipimo 10 kwa sekunde, na vyote vinahifadhiwa. Watu huniuliza vyote vya nini, wakati anayelipwa analipwa kwa uzito mmoja tu wa mwisho. Anayeuliza hivyo hajasimama mwaloni samaki wa kilo 40 anapopandishwa kwenye mizani huku maji ya barafu yakimchuruzika. Namba inapanda, inashuka, inacheza, halafu inatulia. Mvuvi akisema ilisomwa kabla haijatulia, vile vipimo ndio shahidi wake.

Toleo la kwanza niliandika kama tulivyozoea wengi: programu inaandika kwenye faili, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inajibu "tayari", risiti inatoka. Nilichokuwa sijakizingatia ni kwamba "tayari" ile ina maana data imepokelewa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, data inaweza kukaa huko sekunde 30 hivi kabla ya kupelekwa diskini. Usiku mmoja umeme ukakatika, na betri ya akiba ilikuwa imechoka. Ulipowaka, kreti tatu za mzee mmoja hazimo. Mzee ana risiti mkononi, ameikunjua, anainyoosha juu ya goti lake ili niisome vizuri, na mfumo wangu haumjui. Mnunuzi alimlipa, namshukuru. Lakini mzee yule alinitazama kama mtu aliyemwibia, na hakukosea sana.

Kesho yake nikaweka fsync, yaani amri ya kusubiri mpaka data ifike diskini, baada ya kila kipimo. Hakuna kilichopotea tena, ila kila kitu kikasimama. Boti za kukusanya samaki zinafika alfajiri kwa pamoja, foleni ikawa inafika majini, barafu inayeyuka. Kikaitwa kikao. Msimamizi mmoja akasema, wahasibu na madereva wakisikia, kwamba tatizo ni kumpa mtoto kazi ya watu wazima. Ikanunuliwa diski mpya yenye nafasi mara nne ya ile ya zamani, na sehemu ya gharama ikakatwa kwenye malipo yangu. Foleni ikabaki palepale. Ile kauli bado inaniuma.

Hapo nikakimbilia O_DIRECT, ile njia ya kuandika diskini bila kupitia kache ya kerneli, yaani ile RAM inayoishikilia data kwa muda. Niliamini nikikwepa kache nimekwepa gharama zote. Kwanza ilinikatalia kabisa, kosa la EINVAL ("ulichonipa si sahihi") kila mara, kwa sababu anwani ya bafa (sehemu ya RAM inayobeba data), mahali unapoandika ndani ya faili na urefu wa unachoandika vyote vinatakiwa vigawanyike bila baki kwa ukubwa wa bloku ya diski: baiti 512, au 4,096, kutegemea kifaa. Rekodi yangu ilikuwa baiti 96. Nikaijaza nafasi tupu hadi 4,096, ikakubali. Na kasi? Ileile. Tena nikajifunza kwamba O_DIRECT peke yake haikuhakikishii usalama: diski nayo ina kache yake ndani, na umeme ukikatika hiyo nayo inaondoka. Bado unahitaji fdatasync, ndugu mwepesi wa fsync, au ufungue faili kwa O_DSYNC, inayofanya kila uandishi usubiri diski.

Mambo ya wiki mbili zilizofuata nayaruka.

Usiku mmoja nyumbani Mabatini nikawasha strace, zana ya kufuatilia programu inavyoita kerneli, kwa chaguo la -T, linaloonyesha kila wito kwa kerneli umechukua muda gani. pwrite64, wito wa kuandika: muda mdogo. fsync: milisekunde 27. Nyingine 24, nyingine 31. Nikachukua karatasi. Diski inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3. Kwa hiyo kila kipimo cha baiti 96 kilikuwa kinanigharimu mizunguko mitatu. Kwa nini mitatu, wakati naandika kitu kimoja?

Jibu ni kwamba nilikuwa siandiki kitu kimoja. Kila nilipoongeza rekodi mwishoni mwa faili, faili ilirefuka. Ikirefuka, ext4, mfumo wa faili wa Linux, inapaswa kutafuta bloku mpya, kubadili urefu kwenye inodi (mahali taarifa za faili zinapotunzwa), kuandika mabadiliko hayo kwenye daftari lake la kumbukumbu, kisha kuweka alama kwamba daftari limefungwa. Kichwa cha diski kinakwenda kwenye data, kinakwenda kwenye daftari, kinarudi. Samaki mmoja, makarani watatu. Na diski yetu mpya, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa inazunguka 7,200 kama ile ya zamani! Tulinunua ghala wakati shida ilikuwa kwa makarani.

Nikabadili mambo matatu.

Faili nikaitengeneza mapema, gigabaiti moja. Hapa angalia sana, kwa sababu amri ya fallocate pekee haitoshi: inatenga nafasi, lakini ext4 inaziwekea bloku alama kwamba hazijaandikwa, na mara ya kwanza ukiandika inabidi ibadili alama hiyo, na daftari linafunguliwa tena. Ukitazama kwa filefrag -v utaliona neno "unwritten" likikusubiri. Mimi niliijaza faili yote sifuri kwa kuiandika kweli, nikafanya fsync moja, basi. Tangu hapo naandika juu ya bloku zilizokwisha kuandikwa. Urefu haubadiliki, hakuna bloku ya kutafuta.

Kisha nikaacha fsync nikatumia fdatasync. Hii haijali saa ya mwisho ya faili kubadilishwa. Inajali tu kile kinachohitajika ili data isomeke baadaye. Faili ikirefuka, faida hiyo inapotea, ndiyo maana hatua ya kwanza ni lazima itangulie.

La tatu ni kukusanya. Boti haitoki kisiwani na sangara mmoja. Kwa milisekunde 200 mizani zote nane zinatoa rekodi 16, jumla baiti 1,536, zinaingia kwenye bloku moja ya 4,096 na nafasi inabaki. Badala ya fsync 80 kwa sekunde, nina fdatasync 5. Kila mkupuo unaanza bloku mpya na una namba yake ya ukaguzi, inayoonyesha kama data imeharibika, kwa sababu sitaki kuandika tena juu ya bloku yenye rekodi ambazo nimeshamhakikishia mtu. Nikifanya hivyo umeme ukakatika katikati, ninaharibu na za zamani. Nafasi inapotea, ndiyo. Zamu yenye urefu wa saa nane inakula kama megabaiti 590. Nafasi ni rahisi.

Na risiti haitoki mpaka diski ijibu. Hilo sikulilegeza hata kidogo.

Mwezi uliopita tukaiwasha, kwenye kompyuta ya zamani na diski ya zamani. fdatasync ikawa inasoma milisekunde 9. Boti sita zilifika kwa pamoja na foleni haikutoka nje ya paa. Mzee wa kreti tatu alikuwepo; alipewa risiti yake, akaisoma, akaikunja, akaondoka bila kuniuliza kitu. Msimamizi hajasema lolote, wala fedha yangu sijarudishiwa.

Vijana wenzangu wa Kanda ya Ziwa, tunaotaka mifumo yetu iaminiwe na benki na viwanda: acheni kununua kabla ya kupima. Acheni kuzima usalama ili muonekane mna kasi. Anayesimama upande wa pili wa risiti ni mtu aliyelala ziwani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Musoma, diski usinunue kwanza. Jioni wateja wakijaa, endesha strace -f -T -e trace=fsync,fdatasync,pwrite64 kwenye programu yako kwa dakika moja, kisha unitumie inachotoa. Uniambie pia faili yako inarefuka kila mauzo, au umeitengeneza mapema.