Re: Tromboni inaweza kuimba peke yake mbele ya bendi nzima?

Mdogo wangu wa Kigoma, umeuliza kama tromboni, lile tarumbeta kubwa lenye bomba la kuvuta, inaweza kubeba wimbo wa polepole peke yake, bendi ya vyombo vya kupuliza ikiisindikiza, au kazi yake ni kunguruma tu nyuma ya matarumbeta. Inaweza, tena sana.

Anza na konseto (kazi ya mpigaji mmoja mbele ya bendi) ya mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov ya 1877. Mzee huyo alikuwa mkaguzi wa bendi za jeshi la majini la Urusi, kwa hiyo aliiandikia bendi ya kijeshi, fidla hakuna. Yote haifiki robo saa. Ruka mwanzo wenye mbwembwe, sikiliza sehemu ya pili, Andante cantabile, yaani polepole kama kuimba. Hapo ndipo tromboni inaimba kama mtu.

Ugumu uko kwenye ule mkono wa kuvuta, bomba linaloteleza mbele na nyuma kubadili sauti. Una vituo saba, na ukitoka kimoja kwenda kingine huku unapuliza, sauti inaburuzika kama mlevi. Basi pumzi isikatike, ulimi uguse kwa "da" badala ya "ta", na mkono usubiri mpaka dakika ya mwisho ndipo uruke. Mimi huimba kwanza kwa mdomo, chini ya mwembe, majirani wacheke wakichoka. (Na ufute vumbi kabla ya kupaka mafuta, hapa Tabora mkono hukwaruza kama una mchanga.)

Bendi yenu ikiwa kubwa, wapunguze wapigaji: klarineti mbili tatu, tuba moja. Wakipuliza wote, hutasikika.